Mama Séraphine na Picha Isiyotulia

Mji mzima wa Kalemie umefundishwa na Mama Séraphine kusimama kimya.

Akiinua kamera yake mbele ya kanisa, bibi harusi huganda mguu mmoja ukiwa bado hewani juu ya ngazi. Watoto wa komunyo ya kwanza hubana midomo, mkono mmoja ubavuni, mshumaa wima. Siku moja, kwenye harusi ya mfanyabiashara wa samaki, fanfare ilikuwa ikishuka avenue Lumumba kwa kelele zake zote, ngoma mbele, tarumbeta nyuma. Mama Séraphine akatokea pembeni, akaweka jicho kwenye kamera, na fanfare nzima ikanyamaza. Mpiga tarumbeta alibaki na mashavu yaliyojaa pumzi. Watu walicheka, na wengine wanacheka hadi leo, lakini picha ilitoka safi, kila uso ukionekana, na imetundikwa sebuleni kwa yule mfanyabiashara, juu ya televisheni.

"Usipumue," ndivyo husema. "Usipepese macho. Ngoja, ngoja. Merci."

Maneno hayo aliyarithi kwa baba yake, Papa Évariste, aliyekuwa mpiga picha kule Pepa, juu ya uwanda wa Marungu, ambako asubuhi kuna baridi na ng'ombe hutoa moshi puani. Papa Évariste alitembea kwa miguu toka kijiji hadi kijiji akiwa na filamu moja mfukoni, na filamu hiyo ilibidi itoshe kwa harusi, kwa ubatizo na kwa maiti. Mtu akitikisika, uso wake ulitoka kama ukungu, na hakupigwa tena. Kwa hiyo Séraphine, aliyembebea baba yake mkoba tangu utotoni, alikua akijua kwamba kumpenda mtu mbele ya kamera ni kumsaidia atulie. Angeshika kidevu cha bibi kizee kwa vidole viwili, akigeuze polepole kuelekea mwanga, na bibi angekaa hivyo hivyo, amejiachilia mikononi mwa mtoto.

Vita viliwashusha ziwani. Baba akafa, stidio ikabaki: chumba kimoja kando ya barabara, pazia lililochorwa bustani, stuli, kompyuta na mashine ya kuchapa picha. Leo Mama Séraphine amepita miaka arobaini. Ana sauti ndogo na mikono mikubwa. Miaka yote hiyo ya kuishi ukingoni mwa Tanganyika, hakuwahi kuingia majini kupita vifundo vya miguu. Aliogea ndoo. Mtu akimuuliza, alijibu, "Mimi mutu wa ng'ombe," na mazungumzo yakaishia hapo.

Evodie aliingia stidio asubuhi moja ya mwezi wa sita, nywele zikichuruzika maji. Ni msichana wa miaka ishirini na kitu, mrefu, mwenye mabega mapana, anayechaji watu simu karibu na bandari.

"Bonjour, Mama. Nakuja kuomba picha."

"Ya pasipoti ao ya ukumbusho?"

"Ya juu ya maji."

Mama Séraphine aligeuka akatazama pazia lake. "Pazia ya maji sina. Niko na ya bustani."

Evodie akacheka, akaziba mdomo kwa heshima. "Hapana, Mama. Juu ya maji kabisa. Nikiwa nasimama kwa wimbi."

Kiangazi kikifika na upepo wa kusini ukianza kuvuma, ziwa letu huota mawimbi. Vijana wachache huchukua mbao za mitumbwi iliyokufa, wakazilainisha, wakaingia nazo majini. Hulala juu ya ubao kifudifudi, wakangoja, na wimbi linapowanyanyua husimama na kuja nalo hadi mchangani. Hawana chama, hawana kombe. Karibu wote ni wanaume, na Evodie yuko kati yao, kwa sababu baba yake, Papa Télesphore, fundi wa mashine za boti, alimchongea ubao alipokuwa mdogo, akamfundisha kusimama.

Mwaka uliopita ugonjwa ulimpiga Papa Télesphore upande mmoja. Sasa analala nyumbani, kule kilimani, kwenye mkeka karibu na mlango. Njia ya kushuka ni kali, na yeye hakubali kubebwa. Vijana walimpelekea video za simu, lakini ndani yake Evodie alikuwa punje ya mchele, na tangu alipougua, kitu kikicheza mbele ya macho yake kichwa humzunguka hadi atapike.

"Anataka kitu cha kushika," Evodie alisema. "Kitu hakikimbie. Akiangalie mpaka atosheke."

"Na upepo?"

"Unaisha mwezi wa nane." Msichana alitazama miguu yake, dimbwi dogo lilikuwa limefanyika sakafuni. "Mama, mwaka ujao sijue kama Papa atakuwa."

Mama Séraphine aliwahi kuwapiga picha wagonjwa wengi. Alijua wanachokiomba jamaa zao, na alijua hawaombi mara mbili. "Picha ni picha," akasema. "Kesho asubuhi."

Kesho yake aliteremka ufukweni na stuli. Aliiweka mchangani, akakaa, na stuli ikazama upande. Upepo ulileta vumbi la maji likatua juu ya lenzi. Alipolifuta kwa ncha ya kitenge, likaacha michirizi. Jua lilikuwa linachomoza upande wa ziwa, mbele yake kabisa, na kila aliyetokea juu ya wimbi alitoka kwenye picha mweusi, kama kijiti cha kiberiti kilichokwisha kuwaka.

"Mama Foto!" Achille, mvuvi kijana mwenye mtumbwi na mdomo usiochoka, alipita akiburuta ubao wake. "Leo unatupiga komunyo?"

"Nenda zako, wewe. Uso umejaa mchanga."

"Basi nipige hivi hivi, mchumba yangu ananijua."

Kisha Evodie akaja. Wimbi lake lilikuwa zuri, refu, lenye mgongo wa kijani, na yeye juu yake alikuwa amekunja magoti, mikono wazi, kidole kimoja kikigusa maji kana kwamba analibembeleza. Mama Séraphine aliinua kamera. Evodie akaiona, na papo hapo akafanya kile ambacho kila mtu wa Kalemie hufanya. Alibana miguu, akanyoosha mgongo, akashusha mikono ubavuni, akafunga mdomo.

Ubao ulifika mchangani peke yake.

"Eee! Njo nini ile?" Achille alipiga kelele.

Evodie aliibuka akitema maji. "Nimeona Mama anapiga."

"Ndiyo napiga, lakini usisimame namna ile!"

"Nisisimame? Mama, tangu ubatizo yangu unaniambia nisimame!"

Wakarudia, na ikawa vilevile. Wakarudia asubuhi iliyofuata, na nyingine. Mama Séraphine alijaribu kujificha nyuma ya mtumbwi, lakini kila aliyejua kuwa yuko pale alipanda wimbi akimtafuta kwa macho. Achille mwenyewe, kamera ilipomwelekea kwa bahati, alisimama wima kama askari, akainua kidole gumba, akaanguka chali.

"Na wewe, Achille?"

"Ni heshima, Mama!" alijibu toka majini. "Ni heshima tu!"

Siku ubao ulipomgonga Evodie na kumpasua mdomo, Mama Séraphine alisema inatosha. Alimfuta damu, akamsimamisha mchangani, ubao wima kando yake kama mchumba, akangoja wingu lipite mbele ya jua, mwanga ukawa laini. Usipumue. Usipepese. Merci. Ilikuwa picha nzuri. Alijua ni nzuri. Aliichapa kubwa, akapanda nayo kilimani.

Mama Julienne, mama yake Evodie, alikuwa uani anachagua ndagala, dagaa wa ziwa, kwenye ungo. Alimkaribisha, akamtolea kiti, akamwelekeza mlangoni. Papa Télesphore alikuwa ameegemezwa kwenye mto. Nusu ya uso wake ilikuwa imelala, nusu nyingine ilikuwa macho kwa niaba ya zote mbili. Aliipokea picha kwa mkono mzima, akaiangalia muda mrefu.

"Amekuwa mukubwa," akasema. Maneno yalimtoka moja moja, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Ndiyo, Papa."

"Amesimama kwa muchanga."

"Ndiyo."

"Kwa muchanga, hata mbuzi anasimama."

"Télesphore!" Mama Julienne aliacha ungo. "Mama wa watu amepanda kilima yote hii!"

"Pardon, Mama Séraphine. Sikatae kazi yako." Alipumzika. Kisha akagusa picha, pale kwenye mdomo wa binti yake. "Hii kidonda?"

"Ubao ilimugonga."

"Mama yake anasema Evodie anaanguka kila siku sasa. Ati amesahau. Ati aache." Alimtazama Mama Séraphine kwa lile jicho lililo macho. "Mbele, nikiwa bado muzima, hakuwa anaanguka. Mimi najiuliza, ile nilimufundisha, imekufa na huu mukono? Njo sababu nataka kuona. Si kwa furaha tu."

Mama Séraphine alifunga mkoba wake. Alishuka kilima polepole, mkoba ukimpiga nyonga, na njiani hakuitika salamu za watu. Msichana hakuwa amesahau kitu. Kila alipoinua kamera, ni yeye Séraphine aliyemwangusha mtoto wa mtu, na baba wa mtoto alikuwa amelala mlangoni akidhani kosa ni la mkono wake uliokufa.

Alimkuta Achille akishona wavu.

"Achille, uko na kamba?"

"Ya kufunga nini?"

"Mimi."

Achille alimtazama kuanzia kilemba hadi kandambili, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha tayari.

Jua ndilo lililomfundisha. Ukipiga toka mchangani, watu wote ni weusi. Anayetaka kuona rangi ya ngozi na rangi ya maji lazima jua liwe mgongoni mwake, na mtu mwenye jua la asubuhi mgongoni, hapa kwetu, yuko ndani ya ziwa akitazama mji. Kando ya pale mawimbi yanapovunjikia pana kilima cha mchanga chini ya maji ambapo mtu mzima huweza kusimama. Achille alitia nanga mtumbwi karibu yake, akamfunga Mama Séraphine kamba kiunoni, juu ya kitenge, akaishika ncha nyingine mwenyewe. Kamera ilivikwa mfuko wa plastiki wa mkate, shingo yake ikabanwa kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli.

Siku ya kwanza hakupiga hata picha moja. Alisimama tu, maji chini ya matiti, amefumba macho, midomo ikitembea. Wanawake waliokuwa wakiosha vyombo ufukweni walisimama kutazama.

"Mama Foto anabatizwa!"

"Mara ya pili!"

"Pasta iko wapi?"

"Pasta ni Achille! Mungu atuhurumie!"

Akarudi kesho yake, na siku zilizofuata, kabla ya kufungua stidio. Mfuko ulishika mvuke kwa ndani. Alijifunza kuuacha upoe majini kabla ya kuinua. Tone moja juu ya plastiki lilitosha kumfuta mtu mzima. Alijifunza kuilamba lenzi yake iliyovikwa, kwa ulimi, maana kitambaa kikavu hakikuwepo mahali pale. Lakini lililomsumbua kuliko yote lilikuwa kidole chake. Maisha yake yote kidole hicho kilikuwa kimengoja. Kilingoja mtu atulie, jicho litulie, pumzi itulie, ndipo kilibonyeza. Huku majini, ukibonyeza baada ya kuona, jambo limekwisha pita na umepiga povu. Ilibidi abonyeze kabla, akiamini tu kwamba mtu atafika.

Na Evodie bado alikuwa anamwona. Hakuwa anaanguka tena kila mara, lakini kila alipopita alinyanyua kidevu na kukaza mdomo.

"Usiniangalie!" Mama Séraphine alipiga kelele, na Evodie, akisikia sauti ya mama mtu mzima, aligeuka kumwangalia.

"Mama umesema?"

Akaanguka.

Mwezi wa saba ulikuwa unaelekea mwisho. Asubuhi nyingine upepo uliamka umechoka, na ziwa likafanya mikunjo midogo tu, kama shuka lililolaliwa. Achille alianza kuangalia milima ya ng'ambo, akitafuta dalili za upepo.

Ndipo siku moja likaja wimbi ambalo hakuna aliyeliona vizuri. Mama Séraphine alikuwa amenyanyua kamera kumwelekea Evodie, na mchanga ukaondoka chini ya miguu yake. Alipinduka. Kitenge kilimfunika kichwa, kamba ikamvuta upande mmoja, maji upande mwingine, na ndani ya sikio lake kulikuwa na ngurumo kubwa kama ya ng'ombe wengi wakishuka mlima. Kisha mkono ulimkamata ukosi wa nguo. Evodie alikuwa ameruka kutoka kwenye ubao wake. Alimvuta, akampandisha juu ya ubao kwa tumbo kama gunia la unga, akamshikilia hapo hadi alipomaliza kukohoa.

Kilemba kilikuwa kimekwenda. Nywele zake, ambazo hakuna mtu wa Kalemie aliyewahi kuziona, zilikuwa na mvi na zimesimama kila upande. Mkono wake wa kuume ulikuwa bado juu, umeshika mfuko wa mkate.

Achille kwenye mtumbwi, vijana juu ya mbao zao, wanawake ufukweni na sufuria zao: hakuna aliyethubutu kucheka. Alikuwa Mama Foto, aliyewapiga wote picha ya ubatizo.

Mama Séraphine alitema maji, akawatazama mmoja mmoja.

"Hakuna mutu amepiga picha?"

Kicheko kilichotoka pale kilisikika, nadhani, hadi bandarini. Achille alikaa chini ndani ya mtumbwi akipiga mbao kwa kiganja. Evodie alicheka hadi akaegemeza paji la uso kwenye bega la mama yule, na mama yule akacheka pia, akikohoa. Kisha msichana akamfuta uso kwa kiganja, akamshika kidevu kwa vidole viwili, akamgeuza polepole kwenye mwanga kuona kama ameumia.

"Mama, haujue kuogelea hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Na siku zote hizi unasimama humu?"

"Papa yako anangoja."

Evodie aliacha kucheka. Alishika ubao kwa mikono miwili, akamsukuma taratibu hadi kwenye mtumbwi.

Lakini tangu siku hiyo heshima yao ilibadili umbo. Evodie hakuweza tena kubana miguu mbele ya mtu ambaye yeye mwenyewe alimvuta kwa ukosi. Alipopita juu ya wimbi hakuangalia kamera, aliangalia kama mama amesimama vizuri, na kama hakusimama vizuri, alimgombeza.

"Mama, panua miguu! Kunja magoti! Wimbi likikuja usigande, ruka nalo!"

"Naruka!"

"Hauruke! Na upumue! Mama, pumua!"

Mama Séraphine alipumua. Kwake lilikuwa jambo geni, kupumua huku jicho likiwa kwenye kamera. Picha zilikuwa zinatoka sasa, mbovu bado, mkono bila mwili, ubao bila mtu, lakini katika kila moja kulikuwa na kitu kilichokuwa kinakwenda.

Asubuhi ya mwisho ya upepo hawakuijua kuwa ni ya mwisho. Maji yalikuwa ya rangi ya jani la muhogo. Evodie aliliona wimbi likitokea mbali, akageuza ubao, akapiga makasia kwa mikono. Wimbi lilimnyanyua, akasimama, akapita karibu sana na pale Mama Séraphine aliposimama, karibu hadi harufu ya sabuni ya nywele zake ilisikika. Mama Séraphine aliruka kama alivyofundishwa. Miguu yake iliacha mchanga, akapumua nje, na kidole chake kikabonyeza chenyewe, hewani, kabla hajaona kitu.

Hakujua amepiga nini hadi alipofika stidio na kufungua kompyuta.

Picha ilikuwa imeinama, mji wote ukimwagikia upande wa kushoto. Pembeni palikuwa na doa la ukungu, pale maji yalipoingia mfukoni siku ile ya kupinduka. Na Evodie alikuwa amegeuka, mgongo na ncha ya shavu tu. Magoti yamekunjwa. Mikono wazi. Kisigino kimoja kimenyanyuka kidogo. Tone la maji limening'inia kwenye kiwiko, halijaamua kudondoka. Mbele yake, ufuko, paa za mabati, kilima. Macho hayakuwepo, na katika stidio ile picha isiyo na macho haikuwahi kukabidhiwa mteja. Papa Évariste angeichana.

Alitaka kurudi kesho yake akapige nyingine. Kesho yake ziwa liliamka limelala kama sahani, na siku iliyofuata pia. Wazee wa mitumbwi wakasema basi, upepo umekwenda.

Alijaribu kuinyoosha picha kwenye kompyuta. Mji ulipokaa sawa, Evodie akawa mtu aliyesimama tu. Akaiacha iiname. Akaichapa, akaiweka ndani ya bahasha, akaitoa, akaitazama, akairudisha. Evodie alipokuja kumchukua, alimkuta amekaa kwenye stuli ya wateja.

"Ni mubaya?"

"Sijue," Mama Séraphine alisema, na ilikuwa kweli.

Walipanda pamoja bila maneno mengi. Papa Télesphore alikuwa amepungua tangu ile siku ya mbuzi; mto ulionekana mkubwa zaidi nyuma yake. Mama Séraphine alipiga magoti kando ya mkeka, akaanza kujitetea kabla hata ya kumpa.

"Ni ya mugongo, Papa. Sura haionekane. Imeinama. Na pembeni kuna uchafu. Pardon."

Papa Télesphore aliichukua. Mkono wake ukachoka, akaulaza kifuani na picha ndani yake, akangoja, akauinua tena. Nje, Mama Julienne aliacha kutwanga.

"Ulikuwa unasimama wapi?"

"Ndani ya maji."

"Maji inakufika wapi?"

Mama Séraphine alionyesha kwa kiganja, chini ya matiti.

"Mimi, hapa." Aligusa kiuno chake, polepole. "Nilikuwa nashika ubao nyuma. Nangoja wimbi. Nasukuma, naachilia. Halafu naona hii." Kidole chake kilitua juu ya mgongo wa msichana. "Hii tu. Mugongo, unaenda. Kila siku. Sura yake juu ya wimbi mimi siijue, Mama. Hata siku moja sikuiona."

Evodie alikuwa amechuchumaa kwenye kizingiti, ameficha uso kati ya magoti.

"Angalia magoti," baba akasema. "Angalia kisigino. Yote iko."

Mama Julienne aliingia akifuta mikono kwenye kitenge, akainama juu ya bega la mume wake. Hakuwahi kuteremka kumtazama binti yake hata mara moja, maana hofu ilimzuia. Aliitazama picha kwa muda, akaisogelea, akarudi nyuma.

"Huyu njo yule anaangukaka kila siku?"

"Haanguke. Angalia muzuri." Kisha Papa Télesphore aligeuza lile jicho lake lililo macho kuelekea kizingitini. "Kisha ukaanguka?"

"Kisha nikaanguka, Papa," Evodie alijibu toka kati ya magoti yake. "Kule mbele, karibu na muchanga."

Nusu ya mdomo wa baba yake ilicheka. "Kule mbele, ni sawa. Kule mbele hata mimi."

Mama Julienne aliweka sufuria ya fufu, ugali wa muhogo, na bakuli la ndagala, akamwambia Mama Séraphine asiondoke bila kula, na Mama Séraphine hakuondoka. Papa Télesphore alilishwa na binti yake, kijiko baada ya kijiko, na muda wote huo hakuweka picha chini. Mke wake alitaka kuitundika ukutani, akakataa. Alitaka kuifuta tone la mchuzi. Akamruhusu, lakini ikiwa mkononi mwake.

"Mama Séraphine," akasema baadaye, macho bado kwenye mgongo ule. "Sasa unajua kuogelea?"

"Hapana, Papa. Mimi mutu wa ng'ombe."

"Sasa upepo umeisha, maji imetulia. Ni muda muzuri ya kuanza." Alipumzika, akakusanya pumzi ya sentensi nyingine. "Evodie. Kwanza utamushika tumbo ndani ya maji mpaka asiogope. Upepo ukirudi, utamupa ubao. Utasimama nyuma yake, maji kiunoni. Utasukuma."

"Ndiyo, Papa."

"Na usisahau kuachilia."

Evodie alisema ndiyo tena. Mama Séraphine alikuwa amefungua mdomo kukataa, akaona namna msichana alivyokuwa akimfuta baba yake kidevu, akaufunga, akanyoosha mkono kwenye bakuli.